Miaka Miwili na Miezi Mitatu

…kumi na tisa, amesema kumi na tisa, angeweza kusema ishirini, angeweza kukaa kimya akanywa kahawa yake kama wanavyofanya watu kwenye vikao, lakini huyu Monsieur Arnaud, mwalimu wa bustani, mwenye udongo chini ya kucha hata siku ya kikao, ameinua mabega na kusema kwa huruma kabisa, angekuwa na miaka kumi na tisa tu, madame, mwaka wa mwisho ningemmalizia mimi mwenyewe na cheti angekipata, na Régine ametikisa kichwa kama anayesikia habari za mtoto wa jirani, kisha akageukia dirisha, maana dirisha la chumba hiki linatazamana na banda la vioo la shule, na ndani ya banda yuko binti yake mwenye aproni ya kijani, anahamisha miche ya nyanya kutoka kwenye trei kwenda kwenye vyungu, mmoja baada ya mwingine, anabonyeza udongo kwa vidole gumba viwili, taratibu, hana habari kwamba hapa ndani watu wazima watatu wanamfungia shule yake, ishirini na moja, madame, sheria ndiyo hiyo, anasema Madame Anne-Marie wa ustawi wa jamii, elimu maalumu inaishia miaka ishirini na moja, na Abigaël ameitimiza mwezi wa tatu, tuliomba mwaka wa nyongeza, jibu limerudi, ni hapana, nasikitika, na kweli anasikitika, uso wake si wa kuigiza, anasogeza karatasi, anasogeza kalamu, anaweka kidole chenye rangi ya kucha iliyobanduka juu ya mstari wa pili, jina ni hili, na tarehe ya kuzaliwa, tarehe kumi na nne Machi, elfu mbili na nne, ni sahihi, madame?… na Régine anajua neno linalotakiwa, ni oui, ndiyo, neno jepesi, amelisema kwa polisi wa uwanja wa ndege, amelisema ofisi za mtaa, kliniki, benki, shule ya kwanza na shule ya pili, amelisema miaka na miaka bila ulimi kukwama, kwa nini leo halitoki, ni huyu Arnaud na kumi na tisa yake, nani alimwambia aseme kumi na tisa, mtoto anatimiza kumi na tisa mwezi ujao, tarehe kumi na tisa Juni, mtoto ana miaka kumi na minane, jamani, kumi na minane, nanyi mnamtoa shule kwa uzee… subiri, Régine, pumua, tabasamu, wanadhani unatafuta miwani.

Miwani ipo kwenye mkoba, anaitafuta taratibu ili apate muda, huku Anne-Marie anaendelea kueleza, kuna bahati nzuri, nafasi imepatikana kwenye karakana ya walemavu, wiki ya kwanza ya Septemba, watu wazuri sana pale, mazingira tulivu, na Régine anajua karakana hiyo, walipelekwa kuiona mwezi wa pili, meza ndefu, redio inaimba chinichini, watu wanahesabu skrubu kumi kumi na kuzitia vifukoni, wengine wanafurahi kabisa, kwa kweli, pale pana watu waliopata mahali pao na Mungu awabariki, lakini Abi alisimama mlangoni akanong'ona, maman, hapa hakuna dirisha, hilo tu, hakulalamika, Abi halalamiki, alihesabu skrubu zake kumi akazifunga vizuri kuliko mwenyeji aliyemwonyesha… na kama angekuwa na cheti, anasema Arnaud, anasema kwa sauti ya mtu anayegombana na ukuta, kuna rafiki yangu kwenye bustani za mji, alimwona kwenye mazoezi ya kazi, angemchukua kesho, binti ana mkono, madame, miche yake haifi, lakini bila cheti hawawezi kumwandika… cheti kinataka mwaka mmoja, mwaka mmoja tu, na Régine anayo miwili, amekaa juu yake miaka yote hii, miaka miwili na miezi mitatu na siku tano, anaijua hesabu hiyo kuliko namba ya simu yake, akiwa kazini anaikuta, asubuhi kule Koekelberg kwenye nyumba ya wazee, kabla hajampa mzee dawa lazima amuulize, jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa, ndiyo kanuni, usije ukampa mtu dawa ya mwenzake, na wazee wanamjibu kwa fahari, elfu moja mia tisa na ngapi sijui, na yeye anawasifu, vizuri sana, papa, vizuri sana, maman, halafu anasukuma kigari chake kwenda chumba kinachofuata, na mtoto wake mwenyewe anameza dawa ya mwenzake tangu hajaota hata meno ya kutosha… mwenzake, yaani nani, usimtaje, hatumtaji, tulikubaliana hatumtaji.

Modeste ndiye alisema tusimtaje, marehemu mume wangu, apumzike huko aliko, maana yeye alitangulia kufika huku, aliondoka Uvira usiku kwa usiku, na siku alipoulizwa na wazungu una familia gani akasema mke mmoja na binti mmoja, Abigaël, na hakudanganya, wakati huo hata yeye hakujua kwamba tumboni amekuja mwingine, na Régine naye akavuka mpaka na binti mkononi na mimba tumboni hadi Bujumbura, akazaa pale mwezi wa sita, akamwita Emmanuella, na Abigaël akampokea mdogo wake akisema huyu ni mutoto yangu, mutoto yangu mimi, akawa anampulizia uji hata ukiwa umeshapoa, fuu, fuu, mashavu yamejaa… halafu surua, wiki moja tu, miaka mitatu na wiki tatu, sanduku lake lilibebwa na mwanamume mmoja kwapani, na siku ya tatu simu ikalia, Modeste, alilia kwanza, tumpe haki yake, alilia mpaka salio likakata, akapiga tena kwa simu ya mtu mwingine, na sauti sasa imekauka, Régine, sikia, nimeongea na ba-frères wa huku Ulaya, wa Matonge, banasema ukibadilisha histoire yako, ile uliwaambia wazungu, dossier ya ukimbizi inakufa, donc usiandikishe kifo, usifanye kilio, batu basijue, na Régine akajibu, Modeste, tulimuzika juzi, Abigaël haiko tena, na kelele za barabara ya Ulaya zikasikika kwa nyuma, kisha Modeste akasema yale maneno, ule mwenye iko, sasa njo Abigaël… ule mwenye iko, aliyebaki, alikuwa amelala mgongoni kwake na miezi kumi yake, na Régine akakunja mkeka, akahamia mtaa mwingine wa Bujumbura ambako hakuna aliyewajua, na mama wa kwanza aliyemsalimia pale akauliza, huyu mtoto anaitwa nani, na mdomo ukajibu wenyewe… wakaja hata kumpima, watu wa viza, kijiti chenye pamba ndani ya shavu, tuone kama kweli ni mtoto wa huyo bwana, na majibu yakarudi ndiyo, bila shaka yoyote ndiyo, maana mate hayana jina wala tarehe, na mtoto wa miaka mitatu na nusu akapanda ndege akiwa na miaka karibu sita, anakuuliza mama, ndege inakula nini.

Na haikuwa lazima, hilo ndilo linaloua, ingekuwa lazima angalau, lakini miaka kumi baadaye, ukumbini baada ya misa, mwanamke mmoja wa Goma alikaa karibu naye akasimulia huku anakula, mume wake pia alitangulia, mtoto pia alizaliwa nyuma, alors bwana akapeleka cheti cha kuzaliwa kwa avocat, wakili wao, akasema huyu alikuja baadaye, bakaandika, ikaisha, hata mwezi haukufika, na Régine alikaa na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, mapajani hadi mafuta yakaganda, hakumwambia Modeste, kwa nini amuue mtu mara mbili… madame, kuna tatizo na tarehe?, hapana, hapana, natafuta miwani, pardon, na Anne-Marie anasema chukua muda wako, hawa watu ni wema, hilo nalo ni tabu, wangekuwa wabaya angewachukia na mambo yakaisha, lakini wema wao haukuanza leo, hata yule wa kwanza alikuwa mwema, mwalimu wa darasa la kwanza, aliyemwita akamwambia Abigaël analia sana, madame, hashiki penseli vizuri, analala mezani mchana, anajikojolea, na watoto wa miaka sita hawafanyi hivyo, na Régine aliinamisha kichwa, ndiyo, hawafanyi hivyo, wa miaka minne ndio wanafanya, moyo ulipiga kelele hivyo na kinywa kikasema nitaongea naye… picha ya darasa lile ipo bado juu ya kabati, watoto ishirini na wawili wameambiwa wacheke na wote wana mapengo mbele, kila mmoja na pengo lake, ila mmoja mdogo kabisa, mstari wa mbele, meno yote ya utoto yamejaa kinywani kama punje za mahindi mabichi, na hakuna aliyeona, mwalimu hakuona, mpiga picha hakuona, mimi niliona, nikainunua picha, nikaitia fremu… na meno yalipoanza kung'oka, kwenye karatasi ana nane na zaidi, daktari wa meno akamchezea shavu akisema kwa mzaha, wewe kila kitu unachelewa, hata meno, na Abi akacheka naye, na njia nzima wakirudi nyumbani ameshika kijino ndani ya karatasi, maman, mi nachelewa kila kitu, akisema kama mtu anayejitambulisha.

Ile siku ya kupimwa, hiyo ndiyo siku angesema, mlango ulikuwa wazi kabisa, mama yule wa vipimo na vitofali vyake na picha zake, mtoto alipanga, alihesabu, alichora mtu mwenye vidole vitano, na baada ya wiki mbili karatasi ikaja, kurasa nne, Kifaransa kizuri, Modeste akasoma kwa sauti jikoni, Abigaël ana miaka minane na miezi miwili, lakini uwezo wake ni wa mtoto anayekaribia miaka sita, na wakatazamana, juu ya kichwa cha mtoto anayekaribia miaka sita, aliyekuwa chini pale anavisha mwiko kitambaa, wakatazamana, vipimo vyao vilikuwa vimesema kweli tupu, viliwapa hesabu hadi mwezi, mtoto hakuwa na kasoro yoyote, alikuwa na miaka sita na alikuwa na akili ya miaka sita, na Modeste akaikunja karatasi akasema, bon, ile shule ingine, ya elimu maalumu, batoto beko kidogo ndani ya classe, na bus inakuja mpaka mlangoni, itamusaidia Kifaransa, atawafikia benzake, na alisema atawafikia kama baba anayeomba… wakatia sahihi, kalamu ya bluu kama hii, labda ndiyo hii, kalamu za shule zote zinafanana… na shule haikumtesa, asisingizie shule, walimpenda, walimvumilia, walimpa udongo na mbegu, lakini mtoto akiambiwa kwa upole kila siku, miaka kumi na miwili, usijali, nenda polepole, anajifunza, jamani, anajifunza upole ule ule, sasa akienda kununua mkate anaanza kwa kuomba radhi, pardon, mi ni wa polepole, na muuza mkate anamzungumzisha kwa sauti kubwa kama kiziwi, na jioni mtu huyo huyo wa polepole ananisahihishia barua ninayomwandikia mwenye nyumba, maman, hapa umesahau kitu, na hapa, na anajua ratiba ya tramu zote za Auderghem bila kusoma, ni nani huyu mtoto, angekuwa nani, sasa ni vigumu kuwatenganisha, yule tuliyemzaa na yule tuliyemtengeneza.

Basi sema, Régine, sema sasa hivi, tarehe si sahihi, nipeni miaka yangu miwili… na hapo hapo anaisikia kichwani sauti ya Berthe, wifi yake, wa saluni ya Galerie d'Ixelles, ndiye pekee aliyebaki anayejua, vidole vyake ndani ya nywele za mteja na midomo karibu na sikio la Régine, juu ya mwaka moja ya shule?, juu ya ile?, ukifungua kinywa batakunyang'anya mapapie ya kukaa huku, wewe na mutoto, batasema mulidanganya État, serikali yao, unataka arudi Uvira, mutoto hajui hata kuwasha makala ya kupikia, nyamaza, bon, banyamaze bote, njo vile tunaishi hapa, na Berthe si mjinga, Berthe ameona watu wakirudishwa, na Régine aliogopa, anaogopa, anafungua na kufunga kifuko cha miwani… lakini hebu, kwa kuwa tumekaa na kahawa inapoa, useme ukweli mbele ya Mungu wako, ni polisi unaowaogopa?, ni avocat?, polisi watakuja na karatasi, na karatasi hujibiwa kwa karatasi, si hao, mimi namwogopa yule, yule mwenye aproni ya kijani, siku nitakayomkalisha kitandani nimwambie wewe hukuchelewa, mwanangu, hukuchelewa hata siku moja, sisi ndio tulikuandika mapema, na yeye aniangalie, aanze kuhesabu, maana atahesabu, skrubu zake zilikuwa kumi kumi barabara, atahesabu kila mtoto aliyemcheka na kila pardon aliyoiomba dukani… au ameshahesabu, kila mwaka mwezi wa sita mama anaoka keki bila sababu, keki ya kumaliza shule, alimwambia, na akiwa na miaka kumi, kumi gani, yoyote, aliikata akasema taratibu, lakini shule haiyaisha, maman, akala, hakuuliza tena, na hospitali, Modeste alipokuwa anatutoka, hajitambui, aliita jina, Emmanuella, Emmanuella, wauguzi wakadhani ana binti mwingine, na Abi akainuka kitini akamshika mkono akasema niko hapa, papa, hivyo tu, kama mtu aliyeitwa, na kwenye korido ndipo akauliza, maman, Emmanuella njo nani?, ni jina ya kusali, nilimwambia, Mungu anisamehe, ni jina ya kusali, na akafikiri, akasema, ni jina muzuri… ni lako, mama, lilikuwa lako miezi kumi, nilikuvua ukiwa umelala.

Madame?… naam, nipo, miwani imeshapatikana, iko puani, na tarehe inaonekana kubwa na nyeusi, kumi na nne Machi, na Régine anaitazama kwa mara ya kwanza kama tarehe ya mtu, maana siku zote ilikuwa ni namba ya kujazia fomu, lakini kuna mtu alizaliwa siku ile, Uvira, alfajiri, mvua kubwa, Modeste akakimbia nje bila viatu kutafuta gari, mtu mwenye mashavu, aliyempulizia mdogo wake uji uliopoa, na mtu huyo hana msalaba, hana misa, hana picha, hakuna aliyekaa chini wala kunyoa nywele wala kupika chakula cha waombolezaji kwa ajili yake, kwani utamlilia vipi mtu ambaye kila asubuhi unamwita aje kunywa chai na anakuja, kila nilipotaka kumlilia mmoja, mwingine aliitika, niliwachukua wawili, mmoja nikamnyima kaburi na mwingine nikamnyima maisha, na nikasema ni kwa ajili ya mapapie… kule bandani binti ameinua kichwa, amemwona, anainua chungu kimoja kumwonyesha, mche umesimama wima na majani manne, na vidole gumba vyake vyeusi, anacheka, mapengo hayapo, meno makubwa ya mwanamke wa miaka kumi na minane, anangoja mama atikise kichwa kusema nimeuona, na Régine anatikisa, nimekuona, nimekuona, mama… na hapa ndani hakuna kilichosogea, kahawa ya Arnaud bado ina mvuke, kalamu imelala pale pale ilipowekwa, kidole cha Anne-Marie kiko juu ya mstari, kumbe ni dakika chache tu, na Abigaël amekufa, amekufa kwa surua, alikuwa na miaka mitatu na wiki tatu, mtoto wangu wa kwanza amekufa, hivyo ndivyo wanavyosema watu waliofiwa, amekufa, na machozi ya miaka kumi na minane yanapanda yote kwa pamoja nyuma ya miwani ya dukani, na yule mwenye chungu anaitwa Emmanuella, na Madame Anne-Marie anainama kidogo na kuuliza tena, kwa upole ule ule, tarehe hii, madame, ni sahihi?, na kwa mara ya kwanza Régine anaisikia kama swali, na jibu lake liko mdomoni tayari, na ni hapana.